Mfupa ndani ya pafu: uvimbe wa mseto ni kitu gani?

Habari ilianzia kwenye kijiwe cha kahawa, Barabara ya Kumi na Mbili, hapa Ngamiani. Mzee mmoja wa Sahare kapelekwa Dar es Salaam, kapasuliwa kifua, na ndani ya pafu pamekutwa mfupa. Kikombe cha pili hakijaisha, mfupa ukawa mwiba wa changu alioumeza enzi za ujana. Adhana ya magharibi ilipolia, ulishakuwa mfupa wa mtu, na aliyeutuma akatajwa kwa ukoo wake.

Kijana wa yule mzee alikuwepo, kakaa mwisho wa benchi, hasemi. Tulipobaki wachache akasogea. "Shikamoo mzee. Naambiwa wewe ulikuwa maabara." Akatoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Ya kwanza, ya kinyama kilichochukuliwa kwa sindano, ilisema karsinoma. Ya pili, ya uvimbe wenyewe baada ya operesheni, ilisema karsinosakoma yenye gegedu na mfupa. "Sasa mzee wangu, baba ana saratani mbili? Au wamechanganya chupa?"

Swali la chupa ni la haki. Mimi si daktari. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukata vinyama na kuandaa vioo ambavyo daktari wa patholojia anavitazama kwa hadubini, na nimeshaona chupa za watu wawili wenye jina moja zikinusurika kubadilishana. Lakini karatasi za yule kijana hazikuwa na kosa. Zote mbili zilisema kweli. Ili kuona inawezekanaje, inabidi tuanze mbali kidogo, kwenye koti.

Bitana na kiunzi

Chukua koti la sikukuu. Ndani kuna bitana, kile kitambaa laini kinachogusa mwili. Nyuma ya bitana fundi kaweka vitu usivyoviona: kitambaa kigumu cha kola, pedi za mabega, nyuzi zinazoshikilia kila kitu mahali pake. Viungo vingi vya mwili vimeshonwa hivyohivyo, na pafu limo.

Bitana ya pafu ni seli zinazogusa hewa. Zimepangwa kwa safu, bega kwa bega, bila nafasi katikati, zimekalia utando mwembamba kama watu waliokaa mkekani. Baadhi zinatoa ute, nyingine zina vinywele vya kufagia vumbi kurudisha juu. Chini ya utando huo ndipo kilipo kiunzi: nyuzi, mishipa ya damu, misuli laini, mafuta kidogo, na gegedu. Gegedu ni ile nyama ngumu inayokunjika kwenye sikio lako, au ncha nyeupe ya kidari cha kuku ambayo watoto hugombea kuitafuna. Weka kidole shingoni kwa mbele, chini kidogo ya kikoromeo, utaigusa mizunguko ya gegedu inayozuia bomba la hewa lisisinyae. Bomba hilo likishaingia kifuani hugawanyika matawi, na matawi makubwa bado yana vipande vya gegedu ukutani.

Kwa hiyo gegedu si mgeni katika pafu. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya hofu ya kijiweni ingeishia hapa.

Sasa majina. Uvimbe ni fungu la seli zinazozaana bila kuombwa. Ukikaa mahali pake usile majirani, ni uvimbe mpole. Ukipenya tishu za jirani na kutuma mbegu mbali, ni saratani, au kansa kama wengi tunavyosema. Saratani ya seli za bitana inaitwa karsinoma, na saratani nyingi za mapafu ni za aina hii. Saratani ya seli za kiunzi inaitwa sakoma. Sakoma iliyoanzia ndani ya pafu lenyewe ni adimu sana.

Halafu kuna mseto. Huku pwani mseto ni mchele na choroko katika sufuria moja, na sijapata neno zuri kuliko hilo kwa uvimbe ambao ukiutazama kwa hadubini unaona bitana na kiunzi vimo pamoja. Ila usiishie kusema vimo pamoja. Daktari anajiuliza maswali mawili zaidi: je, vyote viwili ni sehemu ya uvimbe, au kimoja kimezingirwa tu? Na kila kimoja ni kipole au kikali? Majina karibu yote magumu unayoyaona kwenye karatasi za majibu yanatokana na maswali hayo mawili.

Kisu kinapolia

Watu hudhani kinyama kikifika maabara kinawekwa chini ya hadubini na majibu yanatoka. Kinyama kizima hakipitishi mwanga. Ukikitazama hivyo unaona giza.

Kwanza lazima kihifadhiwe katika hali yake, kisioze, na kazi hiyo ni ya formalini. Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kinyama chenyewe. Niliwahi kupokea kinyama kutoka hospitali moja, sitaitaja, kimesafiri ndani ya maji ya dripu, siku tatu, joto la Machi. Tanga tunajisifu waja leo waondoka leo, lakini vinyama havijui msemo huo. Kilifika kimelegea kama dagaa wa juzi, seli zimejimeng'enya zenyewe, na mgonjwa ikabidi aitwe achomwe tena. Kama kuna jambo moja la kuuliza dirishani kabla chupa ya ndugu yako haijafungwa, uliza: hii ni formalini?

Baada ya formalini kinyama kinapitishwa kwenye spiriti za nguvu tofauti hadi maji yote yatoke, kisha zailini, kimiminika cha kuondoa spiriti, kisha nta ya moto inaingia mahali maji yalipokuwa. Nta ikiganda unapata kitofali kidogo tunachokiita bloku. Bloku inapozwa kwenye barafu, inafungwa kwenye mashine ya kukatia, na kila ukizungusha mkono wa mashine kisu kinatoa kipande cha unene wa maikromita tatu hadi tano. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hicho mara kumi na tano au zaidi. Vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, unaviweka juu ya maji ya uvuguvugu vinajinyoosha, unavichota na kioo. Ukipumua vibaya utepe unapaa, kazi inaanza upya.

Katika pafu la kawaida kisu kinakwenda kimya. Siku unapokutana na mfupa unatambua kwa sikio kabla ya jicho: kisu kinalia kama mwiko unaokwangua ukoko, na utepe unatoka umechanika kwa mstari mrefu. Mara ya kwanza kunitokea kwenye bloku ya kifua nilidhani bloku ya mguu imeingia kwenye trei isiyo yake. Nikalinganisha namba mara tatu. Namba zilikuwa sahihi. Bloku kama hiyo unairudisha kwenye tindikali hafifu, chokaa iyeyuke, ndipo uendelee kukata, na hiyo ni mojawapo ya sababu majibu ya uvimbe wenye mfupa huchelewa kuliko ya jirani yake aliyepeleka kinyama siku hiyohiyo.

Mwisho ni rangi. Ya zambarau inatoka kwenye mti wa Amerika ya Kati, kama wazee wetu walivyokuwa wakitoa rangi nyekundu kwenye maganda ya mkandaa, nayo inashika kiini cha seli. Ya waridi inashika mwili wa seli na nyuzi. Rangi hizi mbili zina zaidi ya miaka mia moja kazini na bado ndizo zinazotangulia kila mahali.

Na hapo, kwenye kioo, ndipo yule mwiba wa changu unapokufa. Mwiba ulioingia pafuni kwa bahati mbaya ungeonekana kama kitu cha nje, umezungukwa na seli za ulinzi zinazojaribu kuula. Mfupa wa karatasi ya pili ulikuwa umejengwa hapohapo, na mafundi wake walionekana wazi pembeni, bado wamo kazini. Kuwepo kwa mfupa peke yake hakutoshi kutisha: hata makovu ya TB ya zamani hushika chokaa, na mara chache hugeuka mfupa kamili. Linalomshughulisha daktari ni nani aliyeujenga.

Mseto mpole

Nianze na ule usioua, kwa sababu ndio wa kawaida zaidi na ndio unaosahaulika.

Hamatoma ni uvimbe mpole unaoonekana mara nyingi kuliko uvimbe mwingine mpole wa pafu. Wengi wenye nao hawajui. Mtu kapigwa eksirei kwa ajili ya kazi au safari, kikaonekana kidonge cha duara pembezoni mwa pafu, mara nyingi chini ya sentimita nne. Kikiwa na chokaa ndani, chokaa hiyo hujikunja kwa mapumba, na madaktari duniani kote wanaifananisha na bisi, bisi hizihizi zinazouzwa kwenye mifuko ya nailoni pale stendi.

Ukikata hamatoma unakuta gegedu jeupe linalong'aa, mafuta, misuli laini, na katikati yake mifereji iliyotandikwa seli za bitana. Mseto kamili. Mjerumani Eugen Albrecht ndiye aliyeupa jina mwaka 1904, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kukosea shabaha. Hoja yake ilikuwa kwamba huu si uvimbe wa kweli, ni kosa la ujenzi tu: vifaa vyote ni vya nyumba hiihii, ila fundi kavimwaga rundo moja badala ya kuvipanga.

Ni maelezo mazuri, na ninayapenda hadi leo, lakini kwa hamatoma ya pafu hayakusimama. Seli zake za kiunzi zilipochunguzwa kwa undani, nyingi zilikutwa na hitilafu ileile katika jeni moja, yaani agizo moja la kurithi ndani ya seli, iitwayo HMGA2. Hitilafu moja katika seli nyingi maana yake seli hizo ni uzao wa seli moja. Basi ni uvimbe kweli, mpole. Na zile seli za bitana zilizomo? Hazimo kwenye ukoo huo. Ni wapangaji wa zamani: kiunzi kilipokuwa kinanenepa kiliwazunguka, wakajikuta wamefungiwa ndani. Ndiyo maana daktari anauliza kama vyote viwili ni sehemu ya uvimbe. Kwenye hamatoma jibu ni hapana, ni kiunzi tu, na kiunzi chenyewe kipole.

Kwa hiyo mtu akikuambia karatasi yake imeandikwa gegedu, mafuta na seli za bitana pamoja, usianze kumtafutia nauli ya Dar. Msomee hadi mstari wa mwisho.

Sufuria moja au mbili?

Karsinosakoma ni jambo jingine. Hapa bitana ni saratani na kiunzi nacho ni saratani, na kiunzi hicho kinajenga vitu: gegedu, mfupa, wakati mwingine misuli ya aina inayopatikana kwenye paja na mkono, ambayo haina makazi kabisa ndani ya pafu. Ni ugonjwa adimu. Karsinosakoma na ndugu zake wa karibu, wote kwa pamoja, hawafikii hata saratani moja kati ya kila mia za mapafu. Wengi wanaoupata ni wanaume wa umri mkubwa waliovuta sigara. Baba wa yule kijana alivuta tangu akiwa kuli bandarini.

Swali lililowasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne ni la jikoni kabisa. Je, ni sahani moja yenye vyakula kutoka sufuria mbili, yaani saratani mbili zilizokutana kwa bahati mbaya? Au ni mseto uliopikwa pamoja tangu mwanzo?

Rudolf Virchow, daktari wa Berlin, alichapisha mwaka 1858 mihadhara iliyobadilisha tiba nzima kwa wazo moja: kila seli imetoka kwenye seli nyingine. Kabla yake wengi waliamini kwamba magonjwa yanatokana na majimaji ya mwili kukosa mizani. Huyohuyo anatajwa kuwa ndiye aliyelileta neno karsinosakoma katika miaka ya 1860. Lakini neno halikujibu swali la sufuria. Jibu lilikuja baadaye sana, wataalamu walipoweza kusoma jeni za kila upande peke yake. Walichonga seli za bitana upande mmoja wa uvimbe, za kiunzi upande mwingine, wakalinganisha. Mara nyingi walikuta kosa lilelile pande zote mbili, kwa mfano herufi ileile imeharibika kwenye jeni iitwayo TP53, ambayo ni mlinzi wa seli. Watu wawili wasiojuana hawawezi kuwa na kovu lenye umbo moja mahali pamoja. Sufuria ni moja.

Seli ya bitana inawezaje kugeuka mjenzi wa mfupa? Hapa ndipo wengi wanakwama, na mimi nilikwama miaka mingi. Fikiria kila seli ya mwili wako imebeba daftari lilelile la mapishi, mapishi kama elfu ishirini, ndizo hizo jeni. Seli ya pafu inalo pishi la mfupa. Ya ini inalo pishi la machozi. Zinafuata kurasa zao tu, nyingine zimebanwa zisifunguke. Mtoto akiwa tumboni kurasa hufunguliwa na kufungwa kwa zamu, na seli nyingi za safu huachiana mikono, huteremka mkekani, hubadilika umbo, zikasafiri kwenda kujenga sehemu nyingine. Mwili mkubwa hauna haja ya hayo ila kwa nadra. Saratani inavunja vibanio. Seli iliyokuwa imekaa kwa adabu safuni inaachia mwenzake, inajinyoosha ikawa kama ngalawa inayoonekana kutoka juu, nyembamba kwa ncha zote mbili, na inaanza kufuata ukurasa wa kiunzi.

Kwenye kioo unaweza kuona mpaka wenyewe. Upande huu mafungu ya seli zilizoshikana, upande ule ngalawa zinazoelea kila mmoja na njia yake, na katikati kuna zile ambazo hujui uzihesabu wapi. Hapo daktari anaomba rangi za kingamwili. Ni kingamwili zilizotengenezwa zishike protini moja tu, na zikiishika zinaacha alama ya kahawia. Keratini ni protini ya seli za bitana. Ngalawa ikiwaka kahawia kwa keratini, imejifichua kwamba ilizaliwa bitana. Desmini inaonyesha misuli. Kila rangi ni fedha, na ndiyo maana hazipakwi zote kwa kila mtu.

Pafu la mtoto ambaye hajazaliwa

Kuna mseto mwingine ambao mimi binafsi nimeukata mara moja tu. Blastoma ya pafu ya watu wazima inaonyesha mifereji ya seli iliyofanana na pafu la mimba ya wiki 10 hadi 16, na kuizunguka kuna seli changa za kiunzi zilizojaa kama dagaa kwenye tenga. Mwaka 1961 Spencer, mtaalamu wa patholojia ya mapafu, alipendekeza jina la blastoma kwa sababu aliona ni kama pafu linajaribu kujijenga upya kuanzia tumboni. Nayo ni saratani, haina upole.

Jina lake linachanganywa na blastoma ya pafu na utando wake, ya watoto wadogo, wengi chini ya miaka sita. Ilitambuliwa kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1988. Hii si mseto kwa maana yetu, kwa sababu kilicho saratani ni kiunzi tu. Kwa mtoto mchanga huanza kama mfuko wenye hewa au maji ndani ya pafu, unaoweza kupita kama kitu cha kuzaliwa nacho kisicho na neno, na kwa miaka ukajaa nyama. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba familia nyingi zenye ugonjwa huu zinarithishana hitilafu katika jeni iitwayo DICER1. Hakuna sigara hapo, wala chakula, wala mama kosa lake. Mtoto akipatikana nayo, ndugu zake wanafaa kuangaliwa.

Watu hupenda pia hadithi ya pacha aliyemezwa tumboni, hasa wakisikia uvimbe wa kifuani una nywele au meno. Uvimbe huo upo, unaitwa teratoma, na mara nyingi hukaa katikati ya kifua kati ya mapafu, si ndani ya pafu. Unatokana na seli za uzazi zilizopotea njia wakati mimba inajengwa, seli ambazo daftari lao liko wazi kila ukurasa. Hakuna pacha.

Kwa nini karatasi mbili hazikufanana

Turudi kwa kijana wa Sahare. Uvimbe wa baba yake, karatasi ya pili ilisema, ulikuwa na upana wa sentimita 8. Sindano ya kwanza ilichukua kinyama chenye ukubwa wa punje ya mchele. Ukichota kijiko kimoja cha mseto ukapata mchele mtupu, utasema ni wali, na hutakuwa umesema uongo kuhusu kijiko. Sindano ilitua upande wa bitana, ikatoa karsinoma. Operesheni ilileta sufuria nzima.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, ambalo hutoa mwongozo wa majina ya uvimbe unaofuatwa na maabara karibu zote, linataka jina kama karsinosakoma lithibitishwe kwenye uvimbe uliotolewa, wala si kwenye punje. Mwongozo huo umejaa vipimo vya jikoni. Saratani yenye aina mbili za bitana, ile ya tezi na ile ya magamba, inaitwa ya mseto kila moja ikiwa angalau asilimia 10. Karsinoma yenye seli za ngalawa au seli kubwa za ajabu angalau asilimia 10 inapata jina jingine na kuhamia kundi la karsinosakoma. Asilimia 8 ya leo kwenye kioo kimoja inaweza kuwa 12 kwenye kioo kinachofuata. Daktari mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akisema anahesabu kokoto kwenye kisonzo. Kwa hiyo ukiona majibu yameandikwa kwa tahadhari, yanaelekea kuwa, yanaendana na, usidhani daktari hajui kazi. Anakuambia ukubwa wa kijiko alichopewa.

Jina linapobadilika, kinachobadilika kwa mgonjwa ni matarajio na mpango. Mseto mkali hukua haraka, na dawa za kawaida za saratani huupunguza kwa shida kuliko karsinoma ya kawaida, ndiyo maana upasuaji, uvimbe ukiwa bado uko mahali pamoja, una uzito mkubwa. Baadhi ya saratani za kundi hili zina hitilafu ya jeni iitwayo MET, na dawa za vidonge zinazoilenga hitilafu hiyo zilianza kuidhinishwa mwaka 2020.

Kijana akaniuliza kitu ambacho nilijua kitakuja: "Lakini mzee, wanasema baba asingechomwa ile sindano isingesambaa. Saratani haitaki kuguswa na chuma." Nimelisikia hili maisha yangu yote, mpaka kwa wauguzi. Seli kufuata njia ya sindano hutokea, ila kwa nadra sana. Kinachotokea kila siku ni hiki: mtu anakohoa damu, anapewa dawa za TB, na ni sawa kuanza kuifikiria TB kwa kuwa ndiyo iliyo nyingi kwetu. Makohozi hayana vijidudu, dawa hazisaidii, anapewa tena, miezi inakwenda. Anapokubali sindano uvimbe umeshatembea, anafariki baada ya wiki chache, na lawama inabebwa na sindano kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuonekana.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema Dar wamemtaka apate maoni ya daktari wa pili, na hajui aanzie wapi, kwa sababu uvimbe ulishakatwakatwa na kutupwa.

Haukutupwa wote. Nilimwambia aende dirisha la maabara iliyotoa karatasi ya pili, ataje namba iliyo juu ya karatasi, si jina la mzee, namba, na aombe bloku. Mabaki ya mwanzo huteketezwa, lakini vitofali vya nta huwekwa kwenye makabati kwa miaka, na kila kimoja bado kina vipande vingi vya kukatwa, vya rangi nyingine, hata vya kusoma jeni. Asaini daftari, achukue na vioo. Na kwenye basi asiviache dirishani juani. Nta ile inayeyuka kwenye nyuzi joto hamsini na kitu, na kioo cha basi la mchana, pale Segera tu, kinakaribia hapo. Alivifunga kwenye kanga ya mama yake, akaviweka ndani ya ndoo ndogo ya plastiki, akaipakata hadi Ubungo.